Mashine Iliyosubiri Mkasi

Kuhusu leza, hakuna mtu wa rika langu anayejua kunizidi. Rika langu tumebaki wawili, na mwenzangu hasikii.

Leza ni mwanga ulionyooka. Hauzunguki, haupindi kona, haumpishi mkubwa wala haumsubiri mdogo. Nadhani ndiyo sababu ulipata taabu sana ulipofika katika nchi ninayotaka kuwasimulia. Jina la nchi silitaji. Wenyewe wanajijua, na wale wasiojijua wasije wakaanza leo kwa sababu yangu.

Nchi hiyo ina amani, ina mlima, ina bendera yenye rangi nyingi kuliko inavyohitaji, na ina sheria moja inayofuatwa na watu wote bila kusukumwa: kitu hakitumiki mpaka kizinduliwe. Awepo mgeni rasmi, uwepo utepe, uwepo mkasi juu ya sinia. Kuna daraja huko lililokamilika miaka sita iliyopita, likafungwa utepe pande zote mbili. Wananchi wanapita chini yake, majini, viatu kichwani, na wakifika katikati wanainua macho kulisifu. Kuna wodi ya wazazi ambayo vitanda vyake bado vina nailoni. Kina mama wanajifungulia barazani, wakivitazama vitanda kupitia kioo, na wote wanakubali kwamba ni vitanda vizuri. Mwaka mmoja bomba la maji la kijiji lilipasuka likatoa maji kabla ya siku yake. Fundi alikamatwa kwa kosa la kuzindua bila mamlaka, na maji yakaambiwa yarudi.

Katika nchi hiyo aliishi Dakta Sikudhani Ungando, mtafiti pekee wa leza. Alisoma ng'ambo miaka saba, akarudi na vyeti, maumivu ya magoti na wazo moja. Wazo lilikuwa hili. Mahindi yakivunwa mabichi yakakaa unyevuni huota ukungu, na ukungu huacha sumu isiyoonekana, wanaiita sumukuvu. Ugali wake hauna harufu wala uchungu. Mtu anakula, anashiba, anasifu mboga, na baada ya wiki macho yanageuka njano. Mwaka juzi, kijijini kwao Lugwazo, ugali huo ulimchukua shemeji yake na watoto wawili wa dada yake ndani ya mwezi mmoja. Sasa, kuna aina ya leza ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho. Lakini ukiimulika kwenye mahindi, punje safi hunyamaza, na punje yenye sumu hung'aa kijani, kama jicho la paka uvunguni. Hapo huna haja ya kumsubiri mtu ageuke njano.

Chuo kimoja cha nchi ya baridi kililipenda wazo hilo. Kikazikusanya nchi nne, kila moja ikapewa mashine ya leza, zipime mahindi yao na kupashana matokeo. Huo ndio unaoitwa ushirikiano wa kimataifa. Nchi tatu ziliwasha mashine zao wiki ileile zilipofika, maana hazina utamaduni wa sherehe. Ya nne, ambayo ndiyo yetu, samahani, ndiyo yao, ilipokea sanduku la mbao lenye ukubwa wa jeneza la mtu mnene, na Mkurugenzi wa Taasisi ya Mwanga, Bwana Mshindo, akalifunga utepe kwa mikono yake mwenyewe.

"Dakta, usiguse," alisema.

"Nataka kuona tu kama imefika salama."

"Imefika salama. Sanduku si unaliona?"

"Sanduku naliona. Nauliza kilichomo."

"Kilichomo kitaonekana siku ya uzinduzi. Wewe una haraka gani? Umesoma miaka saba, utashindwa kusubiri mwezi?"

Pamoja na sanduku ilikuja barua ya Profesa Ragna, mkuu wa ushirikiano huo kule kwenye baridi. Ilikuwa karatasi moja, imeandikwa mbele na nyuma. Bwana Mshindo aliisoma mpaka pale penye maneno "kwa heshima kubwa," moyo ukamjaa, akaacha kusoma. Akaiagizia fremu ya rangi ya dhahabu, ikatundikwa mapokezi juu ya kichwa cha karani, ili kila anayeingia aone jinsi taasisi inavyoheshimiwa. Upande wa pili wa karatasi ukabaki unautazama ukuta. Sikudhani alipopata nafasi ya kuisoma, ilikuwa tayari imepigiliwa misumari minne.

Mwezi ukawa miwili, miwili ikawa sita. Sikudhani alipewa kiti karibu na sanduku na cheo cha Mtafiti Mwandamizi, na kazi yake ikawa kulifuta vumbi bila kugusa utepe. Mawasiliano yote ya nje yalipitia kwa Mkurugenzi. Kila mwezi Bwana Mshindo alimwandikia Profesa Ragna taarifa, na kila mwezi taarifa ilikuwa hiihii: *Mashine iko katika hali ya utayari wa kiwango cha juu. Hakuna ajali iliyotokea.* Akaambatanisha picha yake amesimama mbele ya sanduku, kila mwezi na suti tofauti. Nchi nyingine tatu zilituma orodha za mahindi. Picha zilisifiwa.

Mwezi wa nane panya walitafuna utepe, ukakatika katikati kabisa, pale mkasi ungepita. Sikudhani alirukaruka kama msichana.

"Umekatwa, Bwana Mkurugenzi! Utepe umekatwa! Sasa tufungue!"

Bwana Mshindo hakuwa mtu wa kukurupuka. Aliandika wizarani kuuliza kama kisheria mashine ilikuwa imezinduliwa. Wizara ya Sayansi, Nuru na Maadhimisho ilikaa siku tatu na wanasheria, ikajibu kwamba panya hakuwa mgeni rasmi, hakuwa amealikwa, wala hakutoa hotuba. Utepe mpya ukafungwa. Sikudhani akapewa barua ya onyo kwa kufurahi mapema.

Mama yake Sikudhani, Bi Mashavu, alikuwa Lugwazo, na simu yake ilikuja kila Ijumaa alasiri.

"Sikudhani, hujambo mwanangu?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mahindi yametoka shambani na mvua juu yake. Chini ya magunia naona kama yameota manyoya. Sasa nakuuliza wewe uliyesoma: tule au tusile?"

"Msile, mama."

"Tusile, sawa. Tule nini?"

Hapo ndipo mfupa ulipokwama kooni. Chakula cha msaada kilikuwepo, kimejaa maghala, magunia yenyewe yana picha ya Rais. Lakini kanuni ilisema hakiendi kwenye kijiji mpaka mashine ya serikali ithibitishe kwamba mahindi ya kijiji hicho yana sumu. Na mashine ya serikali ilikuwa ndani ya sanduku.

"Subirini kidogo, mama. Wanaizindua karibuni."

"Tunasubiri. Dada yako tangu jana anasubiri na uji wa majani ya maboga. Ila watoto hawajui kusubiri, wao wanajua kulia. Nikupigie Ijumaa?"

"Nipigie, mama."

Baada ya wiki, kopo la mahindi ya Lugwazo likafika kwa basi, limefungwa kwa kitambaa cha kanga. Sikudhani aliliweka juu ya sanduku. Bwana Mshindo akaliondoa akaliweka chini, kwa kuwa lilikuwa linaharibu picha.

Mwezi wa kumi na mbili ikaja barua kutoka kwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Lukanga. Alikuwa ameona kwenye televisheni leza ikikata chuma kama siagi, akapendezwa, akaagiza kwamba siku ya uzinduzi angependa kuukata utepe kwa leza yenyewe.

"Haiwezekani," Sikudhani alisema. "Mwanga huu ni wa kuangalia, haukati hata uzi. Halafu, Bwana Mkurugenzi, utepe usipokatwa mashine haiwashwi, na mashine isipowashwa utepe utakatwaje?"

"Kwa hiyo unakataa agizo la Mheshimiwa?"

"Sikatai. Nauliza kipi kitatangulia."

"Maswali kama hayo ndiyo yanayochelewesha maendeleo," alisema Bwana Mshindo, akaunda kamati. Kamati ilikaa wiki saba hotelini, ikarudi na suluhisho: mkasi wa kawaida utumike, ila siku hiyo uitwe mkasi wa leza.

Huenda wangekuwa wanaunda kamati mpaka leo kama Profesa Ragna asingeandika barua fupi, isiyofaa kuwekwa kwenye fremu. Alisema mwezi wa kumi na nne umeingia na hajaona matokeo ya punje hata moja. Yeye mwenyewe angeungana nao kwa video Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Asipoona mashine inafanya kazi, ingehamishiwa nchi jirani.

Kwa nchi hiyo kufa ni jambo la kawaida, lakini kuzidiwa na jirani ni msiba. Waziri akapatikana mara moja.

Asubuhi ya Alhamisi Bwana Mshindo alimwita Sikudhani pembeni, suti yake ikimetameta.

"Dakta, mwanga wako huu usioonekana, Waziri atauonaje?"

"Hatauona. Ataona punje zenye sumu ziking'aa kijani."

"Na kama hazina sumu?"

"Hataona kitu, na hiyo ndiyo habari njema."

"Waziri aje kilomita mia mbili asione kitu! Wewe mwanamke una roho ngumu." Akainama chini ya meza, akatoa kurunzi kubwa aliyoifunga karatasi ya nailoni ya kijani kwa mpira. "Hii nitaiweka ndani ya tundu la mbele. Ni tahadhari tu. Kijani si umesema mwenyewe?"

"Bwana Mkurugenzi, ukiweka hiyo punje zote zitakuwa kijani!"

"Ndiyo. Zitapendeza."

Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo alifika saa nane mchana. Kwaya ya wafanyakazi ilikuwa imekwisha kuimba nyimbo zake zote mara tatu na sauti ya pili ilikuwa imezimia. Redio ya Taifa ilikuwepo, inarusha moja kwa moja, na mtangazaji wake alinong'ona kila jambo kwenye kipaza sauti kama mtu aliyeko mazishini. Ukutani iliwekwa skrini, na ndani yake alionekana Profesa Ragna, mama wa makamo mwenye sweta mbili. Kiswahili alijifunza kwa kanda, na kilikuwa safi kuliko cha Waziri.

"Itifaki imezingatiwa," Mheshimiwa Lukanga alianza. "Ndugu wananchi! Wapo waliosema sisi hatutaweza leza. Wako wapi leo? Leo tunawasha mwanga ambao hata mataifa makubwa wanautamani. Wameutengeneza wao, sawa, tusiingie huko. Lakini je, wameuzindua? Hawajauzindua! Sisi ndio wa kwanza duniani kuuzindua!"

Makofi. Akauchukua mkasi wa leza kwenye sinia, akakata. Miezi kumi na minne ya utepe ikaanguka sakafuni bila sauti. Sikudhani alitokwa na machozi, na mtangazaji akanong'ona kwamba mtafiti amezidiwa na uzalendo.

Mbao zikabanduliwa. Mashine ilikuwa ndogo, nyeupe, safi. Sikudhani aliinama juu yake kama mtu anayemtazama mtoto aliyezaliwa, akaichomeka umeme, akapeleka kidole kwenye swichi. Pembeni ya swichi palikuwa na tundu la ufunguo. Ndani ya tundu hamkuwa na kitu. Akatazama ndani ya sanduku, akapekua maranda ya mbao, akapekua mfuko wa nailoni, akapekua tena maranda.

"Hakuna ufunguo," alinong'ona.

"Nini?" Bwana Mshindo alinong'ona naye, akiitabasamia kamera.

"Mashine hii haiwaki bila ufunguo, na ufunguo haumo!"

"Basi ndiyo faida ya tahadhari." Akaipenyeza kurunzi yake kutokea nyuma ya mashine mpaka kwenye tundu la mbele, ikasikika *tik*.

Tundu la mbele likatoa mwanga wa kijani wa kupendeza kabisa. Ukaangukia moja kwa moja kwenye sahani ambamo Sikudhani alikuwa amemimina mahindi ya Lugwazo. Kila punje ikawa kijani, na sahani, na kitambaa cha meza, na kidole cha Waziri alipokiingiza kuonja mwanga.

"Aaa!" ukumbi mzima ulisema.

"Naiona leza!" Waziri alisema. "Naiona kwa macho yangu! Haya ni mahindi ya wapi?"

"Ya Lugwazo, Mheshimiwa," Bwana Mshindo alijibu.

"Na kijani maana yake nini?"

Bwana Mshindo alikuwa na sekunde moja ya kukumbuka, akakumbuka taa za barabarani. "Kijani ni ruhusa, Mheshimiwa. Ni salama."

"Salama!" Waziri aligeukia kipaza sauti. "Wananchi wa Lugwazo, popote mlipo, sayansi imesema! Mahindi yenu ni salama! Pikeni!"

Sikudhani aliiona Lugwazo kichwani mwake. Alimwona mama yake, na redio yake ndogo yenye waya badala ya antena, na sufuria. Alimwona dada yake. Aliona watoto wangapi wamebaki. Aseme nini? Akisema ni kurunzi, mashine inakwenda kwa jirani, Lugwazo haipati kipimo wala msaada, na nani angemwamini mwanamke mwenye barua ya onyo mbele ya Waziri aliyeona kwa macho yake? Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kuandika hata namba moja ya uongo. Ndiyo maana alikuwa hana gari.

Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, samahani. Mashine inafanya kazi. Inafanya kazi vizuri kabisa, nimeiwasha mimi. Lakini Bwana Mkurugenzi amechanganya rangi kidogo. Kwa leza, kijani ni sumu. Mahindi haya yote yana sumu. Lugwazo wasile. Wapelekewe msaada leo."

Waziri alikitoa kidole kwenye sahani akakifuta kwa tai ya mlinzi wake.

"Sumu yote hiyo?"

"Yote, Mheshimiwa. Mashine imesema."

Waziri alifikiri. Kutoa msaada mbele ya redio nalo si jambo baya. Alikuwa amekwisha fungua kinywa kutangaza magunia yenye picha ya Rais, na Sikudhani alikuwa amekwisha anza kupumua, wakati sauti ilipotoka ukutani.

"Mheshimiwa Waziri, naomba niseme neno dogo," alisema Profesa Ragna. Uso wake ulikuwa na furaha na mashaka kwa pamoja. "Nawapongeza sana. Ila kuna jambo silielewi. Kwa sheria zetu, mashine ya leza na ufunguo wake havisafiri pamoja, kwa ajili ya usalama. Niliandika hivyo nyuma ya barua yangu: mkiwa tayari, niombeni ufunguo, nitautuma kwa siku tatu." Akainua bahasha, akaitikisa, kikaanguka kiganjani mwake kifunguo kidogo chenye kipande cha karatasi ya njano. "Nimesubiri miezi kumi na minne, hamkuniomba. Dakta Sikudhani, umeiwashaje?"

Watu wote wakamgeukia. Karani wa mapokezi tu ndiye aliyechungulia mlangoni, kuitazama fremu ya dhahabu. Bwana Mshindo alikuwa ameanza kukagua dari.

"Dakta," Waziri alisema polepole, "mashine hii imewaka au haijawaka?"

"Haijawaka, Mheshimiwa."

"Na huu mwanga?"

"Kurunzi."

"Kwa hiyo wewe umesimama mbele ya taifa ukasema umeiwasha, nayo imesema kuna sumu. Umedanganya."

"Nimedanganya kuhusu mashine, Mheshimiwa, lakini mahindi..."

"Amekiri!" Waziri aliuambia ukumbi, na uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza bila msaada wa kurunzi. "Mmesikia? Hakuna mashine iliyosema sumu! Ndugu wananchi, tumepona! Hakuna sumu!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kwaya ikapata nguvu ya wimbo wa nne. Kwenye skrini Profesa Ragna alikuwa anafungua kinywa na kufunga, lakini fundi mitambo alikuwa amekwisha kumzimia sauti, kwa heshima ya wimbo. Mtangazaji alinong'ona kwenye redio kwamba mtafiti mwandamizi amekiri uongo.

Simu ikaita mkobani. Haikuwa Ijumaa. Sikudhani aliitoa, akaziba sikio la pili kwa kiganja.

"Shikamoo, mama. Mama, sikiliza..."

"Marahaba. Kwanza nisikilize wewe, salio langu dogo." Nyuma ya sauti ya Bi Mashavu kulikuwa na redio ikiimba kwaya ileile, na kitu kikichemka. "Redio ilisema tule. Halafu nikakusikia wewe mwenyewe unasema tusile, nikaepua. Sasa wanasema umekiri umesema uongo, dada yako amerudisha sufuria jikoni, maji yanatokota, unga anao mkononi. Haya niambie upesi, mwanangu: uongo wenyewe ni upi, ule wa tule au ule wa tusile?"